Kupanga barua pepe za watumishi wote kwenye seva moja: kanuni za ofisi zinazimika mtumishi anapoweka zake

Mtunza_Seva aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia seva ya barua pepe ya ofisi yenye watumishi 38, wengi wao wakiwa Dodoma na wachache katika ofisi yetu ndogo ya Dar es Salaam. Seva inatumia Debian 12. Postfix ndiyo inayopokea barua kutoka nje, SpamAssassin inazipima, kisha Dovecot inakabidhiwa kwa njia ya LMTP (itifaki ya kukabidhi barua kwa programu inayozihifadhi) na kuziweka katika sanduku la kila mhusika. Watumishi wanasoma barua zao kwa Roundcube, baadhi yao kwa Thunderbird, na karibu wote kwa simu.

Hadi mwaka jana kila mmoja alijipangia barua zake kwa vichujio vya Thunderbird. Kasoro yake ni kwamba vichujio hivyo hufanya kazi pale tu kompyuta inapokuwa imewashwa na programu imefunguliwa, kwa hiyo barua taka zilikuwa zikionekana kwenye simu saa kumi na mbili asubuhi, kabla kompyuta ya ofisini haijaamka; na mtu akibadilishiwa kompyuta, anaanza upya. Nikaamua kazi hiyo ifanyike kwenye seva kwa lugha ya Sieve, yaani lugha ya kuandikia kanuni za kupanga barua, ili barua ifike ikiwa imekwisha kupangwa, mtu asomee popote anaposomea.

Niliandika skripti moja ya ofisi nzima: barua iliyotiwa alama na SpamAssassin iende kwenye folda ya Taka, na barua yenye neno «ankara» au «invoice» katika kichwa cha habari iende kwenye folda ya Ankara. Skripti hiyo nikaielekeza kwa mpangilio wa sieve_default, nayo ikafanya kazi bila tatizo kwa wiki kadhaa. Ilipofika Desemba, watu wakaanza kwenda likizo na kujiwekea jibu la likizo kupitia Roundcube. Waliporudi walikuta vikasha vimejaa taka, na kibaya zaidi, seva ilikuwa imewajibu kwa adabu baadhi ya matapeli kwamba mwenye sanduku yuko likizo hadi tarehe fulani.

Nikahamishia skripti ileile kwenye sieve_before. Taka zikatulia, lakini mhasibu wetu, ambaye alikuwa na kanuni yake ya kupeleka barua za mzabuni mmoja kwenye folda ya peke yake, sasa anaona ankara za mzabuni huyo zikiishia kwenye folda ya Ankara kama zote nyingine. Kanuni yake ipo, Roundcube inaionyesha kuwa imewashwa, lakini kwa barua hizo ni kama haipo.

Kuna jambo la pili ambalo sijui kama lina uhusiano na hili. Tuna anwani ya hesabu@ ambayo ni lakabu inayosambaza barua kwa watu wanne. Mhasibu huyohuyo akiwa likizo, wanaomwandikia kwa anwani yake wanapata jibu la likizo, ila wanaoandikia hesabu@ hawapati chochote. Naomba msaada kwa yote mawili.

---

Fundi_Pangani alijibu:

Ndugu Mtunza_Seva, hakuna kilichoharibika kwenye seva yako. Mipangilio yote miwili imefanya kile hasa kilichotungiwa, isipokuwa majina yake hayaelezi vya kutosha.

Tuanze na sieve_default. Skripti inayotajwa hapo hutekelezwa kwa mtumiaji ambaye hana skripti yake binafsi, na kwa huyo peke yake. Siku mtumishi anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi jibu la likizo, Roundcube humtengenezea skripti kupitia ManageSieve (njia ya kuhariri skripti za Sieve zilizo kwenye seva), na kuanzia dakika hiyo ile ya ofisi haimhusu tena, hata kama aliyoiandika ina mstari mmoja tu. Ndiyo maana waliobaki ofisini hawakuona tofauti, na waliokwenda likizo wakapoteza kila kitu kwa pamoja. Mpangilio huo unafaa kwa kanuni ambazo ni pendekezo, si kwa kanuni ambazo ni agizo.

Sasa sieve_before. Ili kuelewa kilichomkuta mhasibu wako ni lazima kwanza tuelewe jambo moja katika Sieve ambalo wengi hulipita haraka. Kila barua inapoingia katika skripti, inabeba agizo la kimyakimya la keep, yaani ibaki kwenye kikasha kikuu. Amri kama fileinto au discard hulifuta agizo hilo. Dovecot inapokuwa na skripti kadhaa za kupitisha barua moja, huanza na zile za sieve_before, ikafuata ya mtumiaji mwenyewe, kisha za sieve_after; na haivuki kutoka skripti moja kwenda inayofuata isipokuwa agizo la keep bado liko hai mwishoni mwa ile ya kwanza. Kwa hiyo ankara ya yule mzabuni ilipofika, skripti yako ya mwanzo iliipeleka kwenye folda ya Ankara, keep ikafa, na barua haikufika kabisa kwenye kanuni ya mhasibu. Barua ambazo skripti yako haikuzigusa zinaendelea kupita kwake kama kawaida, na bila shaka ndiyo sababu kanuni zake nyingine hazikuleta malalamiko.

Tabia hiyo, ambayo kwako imekuwa kero, ndiyo utakayoitumia. Kosa lako ni kuweka katika skripti moja mambo mawili yasiyo na uzito sawa. Taka hazina mjadala: zinatakiwa kuondolewa kabla mtumishi hajasema lolote, ili hata jibu lake la likizo lisizione. Folda ya Ankara ni utaratibu wa kusaidia tu, na mwenye mpango wake mwenyewe aachwe nao. Basi ya kwanza iwe kabla, na ya pili iwe baada:

```
plugin {
  sieve = file:~/sieve;active=~/.dovecot.sieve
  sieve_before = /etc/dovecot/sieve/kabla.d
  sieve_after = /etc/dovecot/sieve/baada.d
}
```

Ukitaja saraka badala ya faili, Dovecot husoma kila faili yenye mwisho wa .sieve kwa mpangilio wa majina, kwa hiyo zipe namba mwanzoni. Katika kabla.d weka 10-taka.sieve:

```
require ["fileinto", "mailbox"];
if header :is "X-Spam-Flag" "YES" {
  fileinto :create "Taka";
}
```

Na katika baada.d weka 10-ankara.sieve:

```
require ["fileinto", "mailbox"];
if header :contains "subject" ["ankara", "invoice"] {
  fileinto :create "Ankara";
}
```

Kwa mpangilio huu, barua taka inaishia hatua ya kwanza, na jibu la likizo halitoki. Barua halali inafika kwa mhasibu. Kanuni yake ikiipeleka kwenye folda ya mzabuni, keep inakufa hapo na skripti ya Ankara haiigusi. Asiye na kanuni yoyote, ankara zake zinapangwa na ofisi. Aliye likizo pia zinapangwa, kwa sababu amri ya vacation haiuwi keep.

Upo mtego mmoja. Mtumishi akitaka barua fulani ibaki kwenye kikasha kikuu, asiandike keep katika skripti yake akidhani amemaliza, maana keep ndiyo hasa inayoiruhusu barua iendelee hadi sieve_after. Aandike fileinto "INBOX". Kwa macho ya msomaji matokeo yanafanana, lakini kwa Dovecot ya kwanza ni ruhusa ya kuendelea na ya pili ni mwisho wa safari.

Skripti za /etc ziunganishe (yaani zigeuze kuwa faili ambayo mashine huisoma moja kwa moja) wewe mwenyewe kwa sievec ukiwa root, msimamizi mkuu wa mfumo, kila mara unapozibadilisha. Dovecot hutekeleza faili iliyounganishwa yenye mwisho wa .svbin, isipoikuta, au ikiikuta imepitwa na wakati, huunganisha upya wakati barua inapoingia, lakini kwa kuwa mchakato huo hauna ruhusa ya kuandika ndani ya /etc, kazi hiyo inarudiwa kwa kila barua na batli (faili ya kumbukumbu za seva) inajaa malalamiko ya ruhusa kukataliwa.

Kabla ya kuwasha, ipime kwa sieve-test ukiipa skripti pamoja na barua moja iliyohifadhiwa kama faili. Itakueleza ingefanya nini bila kuigusa barua ya mtu. Na kwa vikasha ambavyo vimekwisha kujaa tangu Desemba, iko sieve-filter, inayopitisha skripti kwenye barua za zamani. Kwa kawaida huigiza tu. Ili itende kweli inahitaji -e, na ili iweze kuziondoa barua zilipokuwa inahitaji -W.

---

Nahodha_Kilindini alijibu:

Fundi_Pangani amemaliza suala la kwanza. Mimi niseme juu ya hesabu@.

Hilo ni tatizo jingine kabisa. Amri ya vacation ina tahadhari zake za asili: haijibu barua za orodha za majadiliano, haijibu majibu ya mashine nyingine, haimjibu mtu mmoja tena hadi siku 7 zipite usipotaja idadi nyingine, na haijibu barua ambayo anwani ya mtumiaji haionekani katika mstari wa mpokeaji au wa nakala. Mteja aliyeandikia hesabu@ hakuandika jina la mhasibu popote, hivyo seva inaona barua hiyo haikumlenga yeye binafsi na inanyamaza. Dawa ni kuongeza anwani ya lakabu katika orodha ya :addresses. Kwenye ukurasa wa likizo wa Roundcube kuna sehemu ya kuandika anwani zaidi za mtumiaji.

Lakini nakusihi usifanye hivyo. Fikiria watumishi wawili kati ya wanne wakiwa likizo kwa wakati mmoja: mteja aliyeandika barua moja atapata majibu mawili ya kumwambia hakuna mtu, ilhali wawili waliobaki wako mezani na wanaandaa jibu.

Kwa ninavyoona, lakabu inayosambaza nakala nne ndiyo chanzo cha usumbufu. Tulikuwa nayo hapa Mombasa kwa miaka, na siku moja mteja alipewa bei mbili tofauti na watu wawili waliokaa dawati moja, kila mmoja akidhani ni yeye aliyeiona barua. Tuliifuta, tukatengeneza sanduku halisi lenye anwani hiyo, kisha tukawapa wahusika ruhusa ya kulifungua kwa ACL (orodha za ruhusa) za Dovecot. Kila mmoja analiona kama folda ya ziada chini ya sanduku lake. Tunatumia Maildir, na kwetu alama ya barua kuwa imesomwa au imejibiwa ni ya wote, jambo ambalo kwa dawati la hesabu ndilo mnalolitaka. Sanduku hilo linakuwa na skripti yake moja, si skripti nne zinazovutana.

Ikiwa huwezi kuiondoa lakabu kwa sasa, na unataka angalau barua zilizopitia humo ziende kwenye folda maalumu ya kila mmoja, usitegemee kupima mstari wa mpokeaji, kwa sababu mtu akiiweka anwani ya hesabu@ katika nakala ya siri haionekani hapo. Wala kupima bahasha (anwani ambayo seva zenyewe hupeana wakati wa kukabidhiana barua) hakutasaidia, kwa kuwa barua inapofika kwa Dovecot, Postfix imekwisha kuibadilisha lakabu kuwa jina la mtumishi. Kuanzia toleo la 3.5, Postfix inaweza kuongeza kichwa cha X-Original-To hata inapokabidhi kwa LMTP: katika master.cf, kwenye huduma ya lmtp, ongeza flags=O, na katika main.cf weka lmtp_destination_recipient_limit = 1, maana bila hiyo haifanyi kazi. Debian 12 ina toleo la 3.7, hivyo huna haja ya kusakinisha kitu. Kichwa hicho ndicho utakachokipima katika skripti yako ya baada.

---

Mzee_wa_Terminali alijibu:

Wanangu, mmejibu vizuri, nami nina nyongeza kidogo.

Sisi tulianza kazi hii na procmail, kila mtumiaji akiwa na faili ya .procmailrc nyumbani kwake, na faili moja ya mfumo mzima katika /etc ikisomwa kwanza. Ilikuwa na nguvu kupita kiasi. Mtumiaji yeyote aliyeruhusiwa kuandika kanuni aliweza pia kuielekeza barua kwenye programu yoyote iliyomo ndani ya seva, na faili ya mfumo ilitekelezwa kwa mamlaka ya root usipokumbuka kuandika DROPPRIVS. Toleo la 3.22 lilitoka mwaka 2001 na likakaa hivyo kwa miongo miwili. Sieve, ambayo maana ya jina lake ni chekeche, ilitungwa kwa fikra tofauti: katika hati ya RFC 5228 ya mwaka 2008 lugha hiyo haina mizunguko, na haina njia ya kuita programu ya nje. Ndiyo maana unaweza kumwachia karani wa mapokezi ajiandikie kanuni na wewe ukalala. Atakapokosea, atapoteza barua zake mwenyewe, seva haitasimama.

Amri moja ambayo bado inaninyima usingizi ni redirect. Mtumishi anajiwekea kanuni ya kusambaza barua zote za ofisi kwenda anwani yake binafsi ya Gmail. Kwanza, taka zinazoponyoka SpamAssassin zinasambazwa pia, na kwa Gmail mtumaji wa taka hizo ni seva yako. Pili, ukaguzi wa SPF unashindwa, kwa kuwa seva yako haimo katika orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa niaba ya kikoa cha mwandishi wa awali. Tatu, taarifa za wateja zinatoka nje ya ofisi bila mtu kujua, na tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Idadi ya kawaida inayoruhusiwa ni redirect 4 kwa barua moja; ukiandika sieve_max_redirects = 0, katika matoleo ya sasa usambazaji unazuiwa kabisa. Zungumza na uongozi kabla ya kuiweka, kwa sababu utakuta mkurugenzi ndiye wa kwanza aliyejiwekea.

Na upande wa pili wa shilingi hiyohiyo: saraka ya kabla.d ina uwezo wa kunakili kwa siri barua ya mtumishi yeyote. Siku moja mtu mwenye cheo atakuomba ufanye hivyo kwa maneno ya mdomo. Mwombe aandike.

Jambo la mwisho ni kuhusu kusasisha. Debian 13 imekuja na Dovecot 2.4, na humo majina haya ya sieve_before na sieve_after hayapo tena; yamechukuliwa na vifungu vya sieve_script vyenye aina ya before au after. Skripti zenyewe hazibadiliki, ila faili ya mipangilio ya zamani haitakubaliwa. Usisasishe siku ya Ijumaa jioni.

---

Mtunza_Seva alijibu:

Nawashukuru sana nyote, na shikamoo Mzee.

Nimegawa skripti kama alivyoelekeza Fundi_Pangani, na nimezipima kwa sieve-test kwa barua sita, ikiwemo ile ya mzabuni: sasa inaelekea kwenye folda ya mhasibu, na barua taka inaishia Taka bila jibu la likizo kutoka. Nilikuta pia kwamba skripti yangu ya awali haikuwahi kuunganishwa kwa sievec, na batli ilikuwa na maelfu ya mistari ya ruhusa kukataliwa ambayo sikuwahi kuitazama kwa sababu barua zilikuwa zinafika.

Simu mbili zilikuwa zikijitengenezea folda nyingine ya taka kwa jina la Kiingereza pembeni ya ile yangu. Nimeipa folda ya Taka sifa ya special_use ya \Junk katika mipangilio ya Dovecot, na simu moja imeitambua papo hapo. Nyingine, ambayo ni ya zamani kidogo, bado inang'ang'ania ya kwake. Kuna aliyewahi kukutana na hilo?

Kuhusu hesabu@, nimependekeza sanduku la pamoja na wahusika watatu wamekubali. Wa nne ni mhasibu.

---

Fundi_Pangani alijibu:

Kwa simu hiyo, ingia kwenye mipangilio ya akaunti ndani ya programu yenyewe uichagulie folda ya Taka kwa mkono, kisha ifute ile iliyojitengenezea ikiwa tupu. Programu nyingi za zamani haziulizi seva sifa za folda, zinatafuta jina tu, kwa hiyo usitarajie itabadilika yenyewe.

Na mhasibu muonyeshe kwanza sanduku la pamoja likiwa na folda ya mzabuni wake ndani yake, iliyopangwa kwa kanuni ileile aliyoiandika yeye. Huenda kinachomsumbua ni hiyo folda tu.